Kidonge Pacha na Kikohozi cha Mama Mistari

Kama hujawahi kukaa chini ya mikono ya Mama Mistari, pole yako, kichwa chako bado hakijapata haki yake. Yule mama anasuka, jamani! Akigawa nywele kwa kile kichana chake cha mkia, njia inanyooka utadhani kapiga rula. Ndiyo maana akaitwa Mistari, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kadi ya kliniki tu, ambako kila nesi analisoma anavyojua yeye.

Saluni anayofanyia kazi ni chumba kimoja kirefu: vioo upande huu, viti upande ule, na draya mbili, moja nzima, nyingine ya kutundikia mikoba. Na ina utaratibu wake. Kichwa kimoja kinasukwa na watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, wanakutana utosini. Ukidhani ni rahisi, jaribu. Mmoja akivuta kwa nguvu na mwenzake akilegeza, mteja anatoka kichwa kimelala upande kama gari lenye pancha. Kwa hiyo wasusi hawabadilishani hovyo. Wanakaa wawili wawili kama ndoa, na wakigombana inabidi wapatanishwe kabla mteja hajakaa.

Mama Mistari alikuwa wa kushoto. Wa kulia wake alikuwa Kasuku, mwanamke anayeanza kuongea akifungua mlango na kunyamaza akiufunga, na akikosa wa kuongea naye anaongea na draya. Huyu mkali na mkimya, yule cherehani ya maneno, lakini mikono yao ilikuwa na uzito mmoja. Mabibi harusi, wafiwa, watoto wa shule wanaolia kabla hata hawajaguswa, wote walipita katikati ya wanawake hawa wawili wakatoka wamenyooka.

Sasa, Mama Mistari ana presha. Anayo siku nyingi, na alikuwa anameza kidonge chake kidogo kila asubuhi, maisha yanaenda. Mpaka siku moja kliniki wakampima, daktari akaiangalia mashine, akaigonga kidogo kama anaigombeza, akampima tena.

"Mama, hii imepanda. Nakubadilishia. Nakupa pacha."

"Pacha?"

"Dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Badala ya kumeza mara mbili unameza mara moja. Raha tupu."

Raha tupu! Ndiyo maelezo yote hayo, hakuna mengine. Dirishani akafungiwa vidonge vyake kwenye kibahasha cha kaki, wakachora moja mara moja, anayefuata! Hakuna boksi, hakuna karatasi ya maelezo, hakuna hata kuambiwa mama, ukiona hivi na hivi, rudi. Yaani ukinunua pasi unapewa kijitabu chenye lugha ambazo hujui zinazungumzwa wapi, na picha ya mtu anayepigwa na umeme. Lakini kitu cha kuingia kwenye damu ya mtu mzima, kibahasha cha kaki!

Akaanza kumeza. Na presha ikashuka kweli, hilo tusiseme uongo. Mashine ikatoa namba nzuri mpaka nesi akatabasamu.

Halafu kikaja kikohozi.

Kilianza kama unyoya uliokwama kooni. Khe. Khe khe. Kikavu, hakina makohozi, hakina homa, hakina mafua. Kinamjia katikati ya sentensi. Kinamjia ameshika nyuzi tatu za nywele vidoleni na hawezi kuziachia, basi anakohoa ameuma midomo, machozi yanamtoka, mabega yanaruka. Akinywa maji kinanyamaza kidogo, akishusha kikombe kinarudi, kama mdai aliyekuona umeingia ndani.

Na yeye, kwa kuwa ni msusi, akafikiri kisusi. Nywele za kusukia ukizimaliza unachoma ncha kwa kiberiti cha gesi ili zisifumuke. Zile ncha zikiungua zinatoa moshi mweusi wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahaulika jikoni. Mama Mistari akasimama katikati ya saluni akatangaza vita.

"Kuanzia leo hakuna kuchoma ncha humu ndani! Huu moshi ndio unaoniua."

"Tumechoma humu miaka yote, Mistari," Kasuku akasema. "Hukupiga hata chafya."

"Mapafu yamejaa. Hata ndoo ikijaa inamwagika."

Basi wakawa wanachoma nje, barazani. Mteja anatolewa na taulo shingoni, anachomwa ncha mbele ya wapita njia, upepo ukizima kiberiti wanamzunguka kumkinga kama wanaficha siri ya serikali. Kikohozi kikabaki palepale.

Akasema ni vumbi la nywele zenyewe, zile za bei rahisi. Wakaanza kuzikung'uta nje kabla ya kuzisuka. Kikohozi kikabaki. Akasema ni dawa ya kupigia deki. Ikabadilishwa, sakafu ikaanza kunuka ndimu. Kikohozi kikanusa ndimu kikaendelea.

"Mistari," Kasuku akasema siku hiyo, saluni imejaa, "tumechoma nje, tumekung'uta nje, tumebadilisha mpaka deki. Kilichobaki kutolewa nje ni wewe."

Watu wakacheka, na Mama Mistari naye akacheka mpaka akakohoa. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha, na huu ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Kuvimba hasa! Maana miguu nayo ikaanza. Jioni akivua viatu vyake vya kazini, mikanda imeacha mabonde kwenye nyama, vifundo havionekani, mguu umenyooka kuanzia goti mpaka wayo kama nguzo. Akibonyeza kwa kidole, shimo linabaki linamwangalia.

Sasa saluni ikagawanyika vyama viwili. Chama cha upande wa vioo kikasema ni kifua kikuu. Chama cha upande wa draya kikatazama miguu ile kikasema ni mimba. Mimba! Mwanamke ana miaka hamsini na tatu, mume wake ni fundi mwashi mstaafu ambaye kazi yake siku hizi ni kulala kwenye kochi na kulaumu magoti.

"Labda ni mimba inayokohoa," mmoja akasema, wakapigana vikumbo kwa kicheko, Mama Mistari yuko hatua mbili tu kutoka hapo, anasikia kila neno. Akaendelea kugawa nywele. Njia ikanyooka kuliko kawaida, kwa hasira.

Nyumbani nako usiseme. Mume wake, Mzee Mwashi, alivumilia, akavumilia, mwisho akahamishia mto wake sebuleni.

"Si kwamba nakukimbia, mke wangu," akasema. "Ila mbwa wa jirani wameacha kubweka, wanakusikiliza wewe."

"Niambie unaogopa nikuambukize."

"Mimi nikuogope wewe? Mimi ninaogopa kwenda kazini bila usingizi."

"Kazini wapi?"

Mzee akaona heri achukue na blanketi.

Mama akarudi kituo cha afya, si siku ya kliniki ya presha, siku ya wagonjwa wa kawaida, akasema nakohoa. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi. Ikaisha, akarudi. Akapewa nyingine, tamu zaidi. Akarudi. Akapewa vidonge vikubwa vya rangi mbili vya kuua vijidudu, vikamharibu tumbo, vijidudu vyenyewe havikuwepo. Mara zote hizo, na hapa ndipo mtu unataka kupiga meza, hakuna hata mmoja aliyemuuliza: mama, asubuhi unameza nini? Swali la maneno manne tu! Alikuwa anatoka mlango huu na kikohozi, anaingia mlango ule kuchukua dawa inayomkohoza, jengo lilelile, korido ileile, na watu wa milango yote miwili wanakula chakula cha mchana pamoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa. Chake kilikuwa kwenye pochi, na alikuwa anakitunza vizuri kisilowe.

Siku iliyovunja mambo, alikuwa anasukwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wa muda mrefu, anayependa nywele ndogo ndogo. Kasuku kulia, Mama Mistari kushoto, wameshafika karibu nusu. Kikohozi kikamshika. Akageuza uso pembeni, akakohoa kwenye kiwiko, akarudi. Kikamshika tena. Kila akikohoa, shingo ya mwalimu inasogea mbele kidogo, inasogea, inasogea, mwisho mwalimu amekaa kama mtu anayechungulia kisima.

"Mwalimu, rudisha kichwa," Mama akasema.

Mwalimu hakurudisha kichwa. Alisimama. Akachukua kitenge chake akakifunga kichwani, upande mmoja umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya.

"Nimekumbuka nina kikao," akasema. "Nitarudi kumalizia."

Kikao! Hebu fikiria, mwanamke anakubali kutembea barabarani na nusu kichwa, mchana kweupe, kuliko kukaa dakika moja zaidi karibu na wewe. Mama Mistari alibaki ameshika kichana hewani. Hakuna aliyecheka safari hii, na bora wangecheka.

Mwenye saluni akamwita pembeni, kwenye kile kistoo cha shampuu. Anaitwa Madam, japo ana umri wa binti wa Mama Mistari. Aliachiwa saluni na shangazi yake, na nywele zake za kwanza kabisa alisukwa na mkono huohuo wa kushoto.

"Mama, usinielewe vibaya. Sio mimi. Ni wateja."

"Wateja gani? Wataje."

"Mama yangu, si unaona mwenyewe? Nenda kapimwe kifua. Upumzike mpaka upone. Ukifika mwisho wa mwezi hujapona, kwa kweli kiti nitampa yule dada mpya aliyekuja kuomba kazi. Biashara, Mama."

"Kwa hiyo unanifukuza."

"Nakupumzisha."

"Mtu aliyechoka ndiye anapumzishwa. Mimi nimekuambia nimechoka?"

Madam akaanza kupanga chupa za shampuu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mama Mistari akatoka kistoo akamtazama Kasuku. Mwanamke anayeongea na draya, leo hana neno. Alikuwa anafagia nywele za chini ambazo hazikuwepo. Na kesho yake, Mama alipopita kuchukua kichana chake, akakuta Kasuku ameshakaa na yule dada mpya juu ya kichwa kimoja. Upande wa kushoto! Na juu ya kiti chake wameweka ndoo ya nywele zilizolowekwa. Ndoo, jamani. Hata marehemu huwa anasubiriwa kidogo.

Akapimwa kifua. Tabu tupu, maana walitaka makohozi na yeye kikohozi chake kikavu kama karanga, alihangaika na kile kikopo mpaka mpimaji akamhurumia. Wakampiga na picha. Safi. Hana kifua kikuu, hana nimonia, mapafu yake mazuri kuliko ya mtu anayechoma ncha. Akampigia simu Madam kwa furaha.

"Sina kitu! Nimepimwa, niko safi!"

"Nashukuru Mungu, Mama," Madam akasema. "Ila hata sasa hivi unakohoa."

Na kweli alikuwa anakohoa. Utabishana na nini?

Hivyo ndivyo alivyofika siku ya kliniki ya presha: hana kiti, hana mwenzake, mume yuko sebuleni, na mwisho wa mwezi unachungulia dirishani. Akakaa kwenye benchi refu la korido kusubiri dawa zake. Na kwa kuwa safari hii hakuwa na haraka ya kurudi kazini, kwa mara ya kwanza akasikiliza.

Khe khe, akakohoa bibi mmoja mwanzo wa benchi. Khe, akajibu mama aliyeshika mwavuli. Khe khe khe, mzee mmoja mwenye kofia, dereva mstaafu wa malori. Kukawa kimya kidogo, halafu bibi akaanza tena. Benchi zima linapokezana kama kwaya iliyokosa mwalimu. Na kati ya mtu na mtu, kila mmoja ameacha nafasi, anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

"Tunaambukizana hapahapa," Dereva akanong'ona, amejifunika mdomo na kofia. "Mimi nikifika nyumbani nafua nguo zote."

"Wewe kikohozi chako kikoje?" Mama akauliza.

"Kikavu. Kinanitekenya hapa kooni."

"Kama unyoya?"

Dereva akashusha kofia. "Umejuaje?"

Kabla hajajibu akaitwa dirishani. Mtoa dawa, mwanaume wa makamo mwenye miwani kwenye paji la uso, akachukua kadi, akaanza kuhesabu vidonge. Mama akakohoa. Mtoa dawa, wala hakuinua macho, akasema kama mtu anayesema leo kuna jua:

"Ah, na wewe unakohoa? Ni hiyo pacha. Ina dawa moja ndani yake inakohozesha watu wengine. Kawaida tu."

"Umesemaje?"

"Dawa yenyewe. Na ile nyingine inavimbisha miguu. Kila mtu anajua."

Sasa ngoja. Mweke mwanamke huyu mbele yako. Kumbuka barazani walivyokuwa wanachoma ncha na upepo. Kumbuka dawa tamu za maji, kile kikopo, mwalimu na kitenge chake, ndoo juu ya kiti. Halafu mtu anakuambia, anahesabu vidonge, kwamba kila mtu anajua.

"Kila mtu nani?" Mama Mistari akauliza, kwa upole kabisa. Waliomzoea wangeanza kukimbia.

"Si... watu wa dawa. Madaktari. Inajulikana."

Mama akageuka akalitazama benchi. Sauti yake, ile inayosikika juu ya draya na redio kwa pamoja, ikajaa korido.

"Jamani samahani. Wote mnaomeza pacha, nyoosheni mikono."

Watu wakatazamana. Mkono mmoja, miwili, mikono mingi.

"Usiyekohoa, shusha."

Wengine wakashusha. Iliyobaki hewani ilitosha kabisa.

"Haya. Aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba hiki kidonge kinaweza kumkohoza, asimame tumwone."

Hakusimama mtu. Bibi wa mwanzo wa benchi akamgeukia mama wa mwavuli: "Wanasema ni dawa? Nami nimemfukuza paka wangu!"

Mama akarudi dirishani. "Nimeangalia. Huyo Kila Mtu hayupo hapa. Anakaa wapi, nimfuate?"

Nesi akatoka mbio. "Mama, tafadhali, punguza sauti, presha yako itapanda."

"Imeshapanda! Iandike! Andika imepanda hapa dirishani, saa hii, na sababu yake andika ni nyinyi!"

Daktari akafungua mlango. Ni kijana mpole, si mtu mbaya, na ndiyo maana inauma zaidi, maana mtu mbaya ungejua la kumfanya. Akasikiliza yote amesimama, stetoskopu shingoni.

"Mama, ni kweli," akasema. "Inatokea kwa baadhi ya watu. Huwa hatusemi sana kwa sababu tukiwaambia madhara, watu wanaogopa, wanaacha dawa. Na presha inaua kimyakimya."

"Kwa hiyo mlinificha ili nisiache dawa."

"Sio kuficha, Mama..."

"Haya, sikuacha. Sikukosa hata asubuhi moja. Dawa sijaiacha, daktari, watu ndio wameniacha mimi! Nimeachwa na mwenzangu wa kazi, nimeachwa na kiti changu, mume wangu analala na mto sebuleni. Na hamjaniuliza hata siku moja, na dawa zenu za maji nimekunywa chupa mpaka nikizitikisa najua ipi ni tamu!"

Halafu yule Dereva akakohoa, akasimama, ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

"Daktari, mimi niseme. Mimi niliacha."

"Uliacha nini, mzee?"

"Pacha. Wiki ya tatu sasa. Nilipoanza kukohoa nikapewa dawa za kifua, nikaona vidonge vimezidi mwilini, nikapunguza hiki cha presha. Leo nimekuja kuchukua tu, kwa heshima. Naviweka kabatini."

Ungeuona uso wa daktari. Alimshika mzee mkono akamkalisha pale pale kwenye benchi, akampima mwenyewe mbele ya watu. Mashine ikavuta, ikavuta, ikatoa namba ambayo hakuisoma kwa sauti. Akamwambia nesi, "Muingize ndani, mlaze, sasa hivi."

Dereva akaingizwa ndani anajitetea kwamba anajisikia vizuri tu. Mama Mistari akamwangalia daktari. Alikuwa na maneno bado, mengi, lakini akaona yule kijana ameshayasikia yote bila kusemwa.

"Nani alitishwa hapo?" akauliza tu. "Hakuna aliyemtisha. Na ameacha."

Daktari alimwita ofisini, na kwa mara ya kwanza akaongea kama anaongea na mtu mwenye masikio. Kwamba ndani ya pacha, dawa moja ndiyo ya kikohozi na nyingine ndiyo ya miguu. Kwamba ile ya kikohozi anaibadilisha, anaweka ya ukoo mwingine inayoshusha presha bila kutekenya koo, na ile ya miguu anaipunguza. Kwamba asije akaacha kumeza kwa hasira hata siku moja, ameona mwenyewe kwa Dereva. Na kwamba kikohozi hakitaondoka kesho, kitachukua wiki kadhaa kinafungasha.

"Wiki kadhaa mimi sina," Mama akasema. "Ila leo nimejua kinaitwa nani."

Alipotoka, daktari alimfuata mpaka korido, akaanza kupita kwenye benchi, mtu mmoja mmoja: unakohoa? miguu je? tangu lini? Nesi nyuma yake anaandika. Mtoa dawa alikuwa ameshusha miwani machoni, anahesabu vidonge kwa makini ya ajabu.

Mama hakwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja saluni, pochi begani, miguu yake ya nguzo inapiga lami kama inaidai. Akasukuma mlango. Akakuta wateja wanasubiri, Madam kwenye simu, na Kasuku na dada mpya juu ya kichwa cha mwanamke mmoja anayekunja uso kwenye kioo. Kulia mistari. Kushoto, Mungu atusamehe, njia za ng'ombe.

"Madam, kata simu. Ni dawa ya presha. Inakohozesha. Daktari kakiri kwa mdomo wake, kanibadilishia leo."

Madam akakunja paji la uso. "Mama, dawa ya presha ikohoze vipi? Presha iko moyoni, kikohozi kiko kifuani."

"Kwani moyo wako wewe uko wapi, mgongoni?"

Kasuku akapasuka kicheko. Hakutaka, kilimtoka, akajiziba mdomo na nywele za mteja. Mama Mistari akamgeukia.

"Cheka, Kasuku. Si ulisema nitolewe nje? Nilitolewa. Ukafagia."

Kicheko kikazimika. Kasuku akatazama vidole vyake.

"Nina wajukuu nyumbani, Mistari. Niliogopa."

"Kuogopa si dhambi. Ungeniambia, Mistari, naogopa. Ulinisema kwa sauti, ukaniacha kwa kimya. Ungegeuza."

Mteja kwenye kiti hathubutu hata kupumua. Kasuku akasimama, na kwa sauti ile yake ya kawaida, inayovuka barabara, akasema: "Basi nisamehe. Nimekukosea, na wote wamesikia."

"Nimesikia," Mama akasema. Hakusema nimesamehe. Hilo alilihifadhi.

Akamwendea Madam. "Na wewe ulisema sio wewe, ni wateja. Wateja hawa hapa. Waambie."

"Niwaambie nini, Mama?"

"Nilichokuambia. Kwa mdomo wako, maana wakisikia kwangu watasema najitetea. Nikikaa kimya mwisho wa mwezi ndoo inabaki kwenye kiti changu."

Madam akatazama wateja, wateja wakamtazama. Akajikohoza kidogo kusafisha koo, watu wawili wakaguna, akaona aibu. "Jamani... huyu mama hana kifua kikuu. Amepimwa. Ni dawa yake ya presha ilikuwa inamkohoza, imebadilishwa. Anarudi kazini."

"Leo," Mama akasema.

"Anarudi leo."

"Mama yangu naye anameza dawa ya presha," mteja mmoja akasema kutoka kwenye foleni, simu mkononi. "Anakohoa tangu... ngoja nimpigie."

"Mwambie asiache kumeza!" Mama Mistari akampigia kelele. "Aende akaulize. Na wakimwambia kila mtu anajua, anipigie mimi!"

Akainua ndoo kwenye kiti chake, akaiweka sakafuni. Dada mpya, hana kosa lolote maskini, akasogea mwenyewe kumpisha. Mama akaangalia upande wa kushoto wa kile kichwa, akavuta pumzi, akaanza kufumua. Kasuku akakaa kulia. Vidole vikaanza kutafutana uzito, vikakosana kidogo, vikapatana.

Kikamshika. Khe khe. Mabega yakaruka. Mteja akageuza shingo kumtazama, macho yamemtoka.

"Geuka mbele, mwanangu," Mama Mistari akasema. "Aliyekuwa ananikohoza ameshafukuzwa kazi. Anakusanya tu vitu vyake."